TUMBO SI KIKAPU

Masomo: Yohana 6:1-13; Ruta 2:14-18; Kutoka 16:16-24



Somo letu la mwezi huu ni juu ya sahani ya chakula. Pengine mmoja atacheka na kusema: Je, Shemasi amekosa neno la kutuambia? Tumezoea kusikia mahubiri juu ya pombe, juu ya tumbako, juu ya uzinzi na uchawi. Juu ya sahani tunanyamaza. Lakini sahani inakuja mbele yetu kila siku ambayo Mungu ametupatia chakula. Mlango unaofunguliwa kila siku, huo ndio unaohitaji mlinzi.

Sisemi hapa juu ya mlafi, yule anayewanyang'anya watoto nyama. Huyo anajijua. Ninasema juu ya Mkristo mwema ambaye amekwisha kushiba. Anaangalia, anaona matonge mawili ya bukari yamebaki, na sombe kidogo chini ya sufuria. Mwili unamwambia: basi. Yeye anajibu: "Chakula ni cha Mungu, hakitupwi." Anakula, anamaliza, anasimama kwa shida. Anafikiri ametii. Je, kweli ametii?

1. SHERIA TULIYOPOKEA NI NZURI

Wazazi wetu walitufundisha kutotupa chakula. Walikuwa na haki. Kabla bukari haujafika mezani, mtu amelima, mtu amepalilia, mtu amesaga, mtu amebeba gunia, na mama amenunua makala na kupuliza moto. Anayekitupa chakula anawadharau watu hao wote, na Mungu aliyeleta mvua.

Tena tukumbuke tulikopita. Katika Katanga wafanyakazi wengi wa Gécamines walikuwa wakipokea posho ya unga. Kampuni ilipoanguka katika miaka ya 1990, posho ilikatika na mishahara ilichelewa miezi na miezi. Inchi yetu iliona uporaji mwaka 1991, tena mwaka 1993. Fedha ikapoteza nguvu kabisa, hata mwezi wa 10 mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1 tu. Kisha vita ya 1996, na ile ya 1998. Nyumba nyingi zilikula mara moja kwa siku. Nyumba nyingine watoto walikula leo, wakubwa wakala kesho.

Mtu aliyepita katika siku hizo hawezi kuangalia tonge moja kama anavyoliangalia mtu mwingine. Tonge hilo linamkumbusha usiku mtoto alipolia na sufuria ilikuwa tupu. Kwa hiyo, vijana, msiwacheke wazazi wenu wanapokwangua sufuria. Wanashukuru, na pia wanaogopa. Shukrani tuilinde. Lakini hofu ituache, kwa sababu hofu inafundisha vibaya.

2. YESU ALIFANYA NINI NA MABAKI?

Tufungue Yohana sura ya 6. Wanaume walikuwa kama 5,000. Mikate ya shayiri ilikuwa 5, na samaki 2. Bwana alishukuru, wakagawa, watu wakala hata wakashiba. Kisha chakula kikabaki. Sasa angalieni vizuri, kwa maana wengi tunasoma muujiza wa mikate na kupita haraka juu ya jambo linalofuata.

Bwana hakutaka kitu kipotee. Hapo sheria ya wazazi wetu inapata ushuhuda mkubwa. Yeye anayeweza kufanya mikate 5 iwatoshe watu 5,000 angeweza kusema: acheni, kesho nitafanya tena. Hakusema hivyo. Aliagiza vipande vikusanywe.

Lakini aliagiza vikusanywe wapi? Hakumwita Petro na kumwambia: wewe ni mvuvi, una nguvu, maliza. Hakuwalazimisha watoto waliokaa majanini. Watu walikuwa wameshiba, na Bwana aliheshimu kushiba kwao. Vipande viliingia katika vikapu, vikajaa 12.

Kumbe kuna mahali pawili ambapo chakula kinaweza kupotea. Kinaweza kupotea majanini, na kinaweza kupotea ndani ya tumbo lililokwisha kujaa. Sisi tunaogopa mahali pa kwanza, tunakimbilia mahali pa pili. Bwana alionyesha mahali pa tatu: kikapu.

Si Yohana peke yake anayetufundisha. Katika 2 Wafalme sura ya 4, nabii Elisha aliletewa mikate 20, akaagiza watu 100 wapewe. Wakala na kusaza. Neno la Mungu linahesabu kule kusaza kuwa ni baraka. Sisi tunakuona kuwa ni deni linalotakiwa kulipwa na tumbo.

Soma tena Ruta sura ya 2. Ruta alikuwa masikini, mgeni, mjane. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kula mpaka mwisho, ni yeye. Boazi alimkaribisha mezani na kumpa nafaka iliyokaangwa. Ruta akala, akashiba, akasaza. Alipofika nyumbani jioni, akatoa kile alichokisaza baada ya kushiba, akampa Naomi mama mkwe wake. Naomi alipata pia shayiri ya kusaga, lakini kwanza mkono wake ulipokea chakula kilichokwisha kuiva. Kama Ruta angejilazimisha kumaliza kwa kuogopa kuonekana mwenye dharau, Naomi angengoja. Kusaza kwa Ruta kulikuwa na jina la mtu: Naomi.

3. TUMBO HALIHIFADHI CHAKULA

Mtu anasema: nikila, angalau hakikupotea. Tuchunguze neno hilo.

Mwili unachukua nguvu unayohitaji kwa kazi. Ile inayozidi, unaigeuza kuwa mafuta. Kama kazi haiyatumii, na sahani inazidi kila siku, mafuta yanaongezeka mwaka kwa mwaka. Mtu anaanza kuchoka akipanda mlima mdogo. Hatari ya ugonjwa wa sukari inakua, na ya tansio vilevile. Sisemi kwamba kila mgonjwa wa sukari alikula kupita kiasi. Wengine ni wembamba, wengine wamerithi. Tusimhukumu mtu. Lakini uzito unaozidi unafungua njia, na waganga wanalijua hilo vizuri.

Tena Mungu ameumba tumbo lenye kusema polepole. Kutoka wakati tunaanza kula mpaka kichwa kinapopata habari kamili ya kushiba, zinapita kama dakika 20. Anayekula haraka anaweza kuvuka mpaka kabla habari haijafika.

Kuna mama mmoja wa mji huu wa Lubumbashi, ameniruhusu niseme habari yake bila jina lake. Watoto wake wakila, kila mmoja anaacha kidogo. Jioni mama anakaa karibu na sahani hizo na kuzimaliza moja moja. Alikuwa akifanya mzaha: "Mimi ndiye frigo ya nyumba hii." Siku moja alikwenda kwenye dispanseri juu ya kiu isiyoisha na kuamka usiku kukojoa. Walipima, wakakuta sukari. Muuguzi akamwuliza: "Mama, unakula namna gani?" Akajibu: "Ninakula kidogo tu." Hakusema uongo. Sahani yake mwenyewe ilikuwa ndogo. Lakini sahani za watoto watano hakuwa amezihesabu hata siku moja, kwa sababu moyoni mwake kule hakukuwa kula. Kulikuwa kuokoa chakula.

Wapendwa, hesabuni. Matonge yaliyookolewa jioni yalikuwa na bei ya franka kidogo. Dawa ni ya kila mwezi, na inatoka katika fedha ileile ya kununua unga. Chakula hakikuokoka, na fedha ya chakula cha kesho imekwenda. Mezali 25:16 inatushauri juu ya asali, kitu kizuri na cha bei: mtu ale kiasi cha kumtosha, asije akakitapika. Kama asali ina kipimo, bukari nao una kipimo.

Mwingine anasema: "Watoto wanakufa njaa, mimi niache chakula?" Neno hili ni zito, tusilipite. Mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 25 katika inchi yetu walikuwa na upungufu mkali wa chakula, pamoja na watu wengi wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, mahali vita imewafukuza wakulima mashambani. Ni ndugu zetu. Lakini niambieni: tonge unalojilazimisha kumeza hapa Lubumbashi, linafika Goma kwa njia gani? Linafika Bunia saa ngapi? Mtoto mwenye njaa hashibi kwa sababu wewe umevimbiwa. Kama kweli tunamhurumia, huruma yetu itafute mkono na kikapu.

4. KIPIMO KABLA YA MOTO

Najua swali lenu. "Shemasi, kikapu kiko wapi? Frigo hatuna. Mwenye frigo, umeme unakatika. Chakula cha jioni asubuhi kimechacha."

Swali ni la haki, na Mungu alilijibu jangwani. Wana wa Israeli walipewa mana kwa kipimo, pishi moja kwa kila mtu, kufuatana na hesabu ya watu wa hema. Wengine waliweka mpaka asubuhi, ikaoza na kutoa funza. Lakini siku ya sita walikusanya mara mbili kwa amri ya Mungu, nayo haikuoza. Tunajifunza kwamba kuna chakula cha kuweka na kuna chakula kisichowekwa. Na dawa ya chakula kisichowekwa ni kuhesabu watu wa hema kabla ya kuwasha moto.

Kwa hiyo, wamama wetu, na ninyi wapapa na vijana mnaopika, tushike haya:

Kwanza, unga upimwe kwa kikombe, si kwa macho. Macho yaliyoona njaa hupima kwa hofu. Pima wiki moja, angalia kinachobaki, punguza kikombe.

Pili, kila mtu awekewe kidogo kwanza, aongezewe akitaka. Kinachobaki katika sufuria safi bado ni chakula. Kinachobaki katika sahani iliyoguswa na mikono kumi, huyo ni mzigo wa mama.

Tatu, mtoto akisema ameshiba, tumsikilize. Asipewe fimbo juu ya tonge. Awekewe kidogo, na ajifunze kuomba kiasi anachoweza. Lakini asikatae sombe halafu akimbilie biskuti. Hiyo ni ujanja, na mzazi anaujua.

Nne, mgeni. Desturi yetu ni kumlazimisha mgeni: "Ongeza, ongeza, au chakula chetu ni kibaya?" Tuiache desturi hiyo. Mgeni akisema, "Nimeshiba, Mungu awabariki," tuitike Amina. Na mgeni akiwa na njia ndefu, mfungieni kidogo cha kubeba. Naye ana Naomi wake nyumbani.

Tano, kinachobaki kifunikwe na kitolewe mapema. Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la nyumba zaidi ya masaa 2, hasa wali, samaki na maharagwe. Kikiwekwa mahali pa baridi na kupashwa, kipashwe mpaka kichemke kabisa. Kilichoharibika kiende kwenye shimo la mbolea. Usimpe jirani kile ambacho wewe mwenyewe unaogopa kukila. Na usikile wewe juu ya kuogopa kukitupa: maumivu ya tumbo si sadaka.

5. KATIKA KILIO, NDOA NA SIKUKUU

Sisi tulio katika huduma ya meza tunaona mengi. Katika ndoa, katika kilio, katika Noeli, sahani zinajazwa mpaka juu kwa sababu kila mtu anaogopa kwamba mzunguko wa pili hautakuwapo. Mwishoni kuna watu walioshiba kupita kiasi, na chakula chini ya viti.

Tena kufunga. Kanisa letu ni kanisa la kufunga na kuomba. Wengine wanafunga siku tatu, wanashuka kutoka mlima wa maombi, na katika saa moja wanakula chakula cha siku tatu. Tumbo lililopumzika linahitaji uji, matunda na kidogokidogo. Roho iliyojifunza kukataa chakula mlimani inaweza pia kukikataa mbele ya sufuria. Kama tunasema mwili ni hekalu na kwa hiyo hatuingizi pombe wala moshi, hekalu hilohilo lisigeuzwe kuwa ghala.

Ninapendekeza hivi kwa kila parokia. Katika kila mkutano wenye chakula, wachaguliwe watu wawili wa kikapu. Kabla ya kugawa, watenge fungu safi ambalo halijaguswa na mtu, na walipeleke likiwa moto. Lipelekwe wapi? Hatukosi mahali. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa anakula kile jamaa yake anachopika. Asiye na jamaa anaangalia sahani ya mwenzake wa kitanda cha jirani. Katika magereza yetu wafungwa wengi wanaishi kwa chakula kinacholetwa na familia na makanisa. Na katika avenue zetu kuna wazee ambao moshi hautoki nyumbani kwao. Vikapu 12, na Naomi ni wengi.

6. KWA YULE ANAYEPIGANA VITA HII

Neno hili si la mtu mwenye sahani moja kwa siku. Papa, mama, kama ndicho ulicho nacho, kula yote na umshukuru Mungu. Shemasi asije akakuongezea mzigo. Sisi wengine ndio tunaodaiwa kwako.

Lakini wewe unayejua kwamba umeshiba na mkono bado unakwenda, sikiliza. Vita hii haiishi kwa siku moja. Yule mama niliyemsema, binti yake sasa anapima unga kwa kikombe, na sahani za watoto zinaondolewa mezani kabla mama hajakaa karibu nazo. Kuna siku anashinda, kuna siku anashindwa. Siku akishindwa, hali kesho yake kwa hasira ya kujiadhibu, wala haachi dawa. Anaanza tena.

Tuna sala ya kuanza chakula. Tuweke pia sala ya kumaliza. Mwili unaposema basi, weka mkono chini, funga macho, sema: "Baba, asante, nimeshiba. Kinachobaki ni chako, nionyeshe wa kumpa." Sala hiyo ni ukuta kati ya mkono na sufuria.

Na hofu ikija kukuambia kwamba kesho hakutakuwa na kitu, mkumbuke mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme sura ya 17. Alikuwa na unga wa konzi moja na mafuta kidogo, na njaa yake haikuwa ya kufikiri. Nabii Eliya alimwomba amtolee kwanza mkate mdogo. Akamtolea. Hakuokolewa kwa kula wote kabla haujaisha. Unga ulidumu katika chombo, siku kwa siku, kwa kipimo cha kila siku.

KAZI YA MWEZI HUU

Kila nyumba yenye uwezo, kabla ya kupika, itoe kikombe kimoja cha unga mara moja kwa wiki na kukiweka katika mfuko safi. Siku ya Mungu mfuko uletwe kwa mashemasi. Unga mkavu hauozi usiku mmoja kama mana, unaweza kungoja na kusafiri. Tutauhesabu mbele ya wote, na utakwenda kwa wajane, kwa wagonjwa, na kwa ndugu waliokimbia vita ambao wamefika katika mitaa yetu. Hivyo ndivyo chakula chetu kitamfikia mwenye njaa: kabla ya kuingia katika sufuria, si baada ya kuvimbisha tumbo.

Tuombe. Ee Mungu wa mababu zetu, uliyetulisha katika miaka ya njaa, ondoa hofu ya miaka ile ndani yetu na uache shukrani. Utufundishe kushiba. Utupe macho ya kumwona Naomi anayengoja nyumbani. Bariki mikono inayopima, inayopika na inayobeba kikapu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi shemasi wenu katika Bwana.